Siku tano baharini, chambo kizima mpaka siku ya mwisho

Siku moja kabla ya kuondoka

Safari iliyopita chambo kilitushinda siku ya tatu. Sio kwamba kiliisha, kilikuwepo kingi tu, ila kilikuwa kimeharibika, dagaa wamepasuka matumbo, ngisi wamevimba wamekuwa weupe kama sabuni, ukimtia kwenye ndoana nyama inachanika kabla hata haijafika majini. Siku mbili nzima tukakaa juu ya mwamba wenye samaki na hatuna cha kuwapa. Iliniuma sana. Kwa hiyo safari hii niliwaambia wenzangu nyie shughulikeni na mafuta, maji ya kunywa na nanga, chambo niachieni mimi, na kila jioni nitaandika kilivyokuwa ili nijue hasa kinaharibikia wapi.

Tuko wanne. Nahodha wetu ni mtu mzima, amevulia mshipi toka ujana wake. Kuna mdogo wangu, kuna jamaa yetu mmoja mwenye pampu ya hewa na betri zake, na mimi. Siku tano, tunalala kisiwani hakuna umeme, kwa hiyo friza tunaliaga leo, baridi yote tutakayokuwa nayo ni ile tunayoondoka nayo.

Dagaa niliwapata juzi wabichi kabisa, macho yanang'aa, tumbo gumu, matamvua mekundu. Hapo ndo kazi yote inapoanzia maana hakuna namna ya kuhifadhi itakayomrudishia uhai samaki aliyeshaanza kulegea. Nikawaosha kwa maji ya bahari niliyochota kwenye dumu, sio maji ya bomba. Watu wengi wanakosea hapa. Nyama ya kiumbe wa baharini ina chumvi yake ndani, ukiitia kwenye maji yasiyo na chumvi yale maji yanaingia kwenye nyama, inavimba, inalainika, na ule utomvu wenye harufu ambao ndo unawaita samaki unatoka wote unabaki kwenye ndoo.

Baada ya hapo nikawafuta na taulo za karatasi, nikawapanga kwenye sinia mmoja mmoja wasigusane, nikaingiza kwenye friza. Walipokuwa wagumu kama vijiti ndo nikawatia kwenye mifuko ya zipu na kubana hewa yote itoke. Zamani nilikuwa nawamwaga wote mfuko mmoja na kugandisha hivyohivyo, na ubaya wake ni mara mbili, kwanza lile donge linaganda taratibu sana katikati, na kitu kikiganda taratibu maji yaliyomo kwenye nyama yanatengeneza chembe kubwa za barafu zinazochana nyama kwa ndani, ukija kuyeyusha unapata uji. Pili ukitaka dagaa sita inabidi uyeyushe kilo mbili. Na hewa nayo ni adui, dagaa na vibua wana mafuta mengi, na yale mafuta yanachacha hata ndani ya friza, utaona tumbo linageuka rangi ya njano na harufu inakuwa kali vibaya. Mimi siwaweki zaidi ya miezi miwili mitatu, na kila mfuko nauandika tarehe kwa makapeni.

Safari hii nimeandika na kitu kingine: siku. Mfuko mmoja ni chambo cha nusu siku kwa watu wanne, basi. Unafungua mfuko mmoja unautumia unaumaliza, mingine haijui hata kama kumekucha.

Vibua nimewapasua minofu, mfupa wa kati nimetoa, ngozi nimeiacha maana ngozi ndo inayoshika ndoana. Hawa ni wa chumvi. Nimechukua kontena, nikatandaza chumvi ya mawe chini, minofu juu yake ngozi ikitazama chini, chumvi tena, minofu tena, mpaka juu. Kipimo changu ni chumvi kilo moja kwa samaki kilo tatu. Masaa machache tu baadae maji yalikuwa yameshajaa nusu ya kontena, yani chumvi imevuta maji kutoka kwenye nyama, nikayamwaga nikaongeza chumvi kavu. Usiku huu nimeshika mnofu mmoja nikaukunja, umeshakuwa mgumu kama mpira na unakunjika bila kukatika. Hapo hauhitaji barafu wala nini, unahitaji kivuli tu na usiingie maji.

Ngisi ni mvumilivu kuliko samaki wote, ukimgandisha na kumyeyusha nyama yake haibadiliki sana, ndo maana sikumhangaikia. (Kosa hilo, mtaliona siku ya tatu.)

Maboksi ya barafu ni mawili. Dogo la siku tatu za mwanzo, kubwa la siku mbili za mwisho. Yote mawili nimeyalaza na barafu ndani toka jana usiku ili kuta zake zipoe, maana boksi lililokaa kwenye joto kazi ya kwanza ya barafu yako inakuwa kulipoza lenyewe. Boksi kubwa nimeweka barafu ya mapande makubwa tu, pande kubwa linayeyuka taratibu kuliko vipande vidogo vya uzito uleule, na madumu mawili ya lita tano niliyojaza maji ya bahari na kugandisha, nikaacha nafasi juu maana maji yakiganda yanatanuka na dumu linapasuka. Maji ya bahari yanaganda kwenye kama nyuzi 2 chini ya sifuri, kwa hiyo yakiwa yanayeyuka yanakuwa ya baridi zaidi kuliko barafu ya maji ya kawaida, na hata dumu likivuja halidhuru chambo. Nafasi iliyobaki nimejaza magazeti na taulo, hewa tupu ndani ya boksi ni joto linalosubiri kuingia. Alafu nikazungushia tepu. Nahodha akaniuliza tepu ya nini, nikamwambia, mzee, hili boksi halifunguliwi mpaka siku ya nne.

Siku ya kwanza

Tumeondoka alfajiri maji yakiwa yamekupwa ili tupate kamba hai kwanza kwenye maji mafupi. Mimi na mdogo wangu tumevuta nyavu ndogo kama saa nzima hivi, tukapata kamba wa kutosha, na visamaki kama ishirini vya urefu wa kidole.

Kamba nimewagawa mara mbili nione tofauti. Nusu kwenye ndoo ya maji ya bahari yenye pampu, nusu nimewalaza kwenye magazeti yaliyolowa maji ya bahari, tabaka kwa tabaka, ndani ya kontena lisilofungwa sana, chini yake chupa ya barafu na taulo katikati ili baridi isiwaguse moja kwa moja. Watu hawaamini lakini kamba akiwa na unyevu na ubaridi anaishi masaa mengi bila kuwa ndani ya maji, anatulia tu kama amelala, ukimtia baharini anaamka anapiga mkia.

Visamaki ndo vina taabu. Jua lilipopanda maji ya ndoo yakapata joto na vikaanza kuja juu kuhema. Mdogo wangu kwa nia njema kabisa akachukua mapande ya barafu anataka kuyamwaga ndani, jamaa yetu akamshika mkono, "dogo, unawaua." Na ni kweli, ile barafu ni ya maji ya bomba, ikiyeyuka inapunguza chumvi ya maji, kama bomba lina dawa ya klorini nayo inaingia, alafu ubaridi unashuka ghafla samaki anashtuka. Badala yake tumetia chupa ya barafu iliyofungwa kifuniko, ikawa inaelea humo taratibu. Tatizo la joto ni kwamba maji ya moto yanabeba hewa kidogo kuliko ya baridi, na samaki huyohuyo kwenye joto anahitaji hewa zaidi, kwa hiyo anabanwa pande zote mbili. Tumepunguza pia idadi, tukabaki na kumi na mbili kwenye ndoo, na kila saa tunabadilisha nusu ya maji maana uchafu wao wenyewe ni sumu kwao.

Ndoo iwe ya mviringo. Kwenye chombo chenye kona visamaki vinakimbilia kona, vinagonganisha pua, vinachubuka, na anayechubuka hafiki jioni.

Mchana tumetia nanga kwenye mwamba wa kwanza. Kamba hai wamefanya kazi yao, changu saba kabla ya saa kumi. Jioni nimehesabu: wa kwenye ndoo wamekufa tisa, wa kwenye magazeti wamekufa wanne. Waliokufa nimewatoa haraka, nikawakata vichwa na kuwaweka kwenye boksi dogo. Kichwa cha kamba ndo kinaanza kuharibika na kugeuka cheusi, weusi unashuka shingoni mpaka mkiani, ukikata kichwa mapema unajipatia muda.

Siku ya pili

Jua kali sana leo. Maboksi yote mawili nimeyahamishia tezini, nyuma ya boti, chini ya turubai na kuyafunika na magunia niliyoyalowesha maji ya bahari, yale maji yakikauka yanaondoka na joto. Nikishika gunia lina ubaridi, nikishika ubao wa boti pembeni yake mkono unaungua. Kitu kidogo lakini ukikifanya kutwa nzima kinaonekana kwenye barafu.

Tumefungua mfuko wa dagaa wa pili asubuhi. Nimewatoa wakiwa bado wagumu nikawaacha kwenye kivuli dakika chache tu, sitaki wayeyuke wote. Dagaa aliyeyeyuka nusu ndo anashika ndoana vizuri, nje amelainika kiasi ndoana inapita, ndani bado ana barafu inayomshikilia, na akifika chini anaendelea kuyeyuka na kutoa mafuta yake taratibu. Nafunga na uzi mwembamba wa mpira, mizunguko mitano sita kuanzia mkiani, hauhitaji hata fundo, unavuta unakata unajibana wenyewe.

Leo nimefanya jaribio nililokuwa nalo moyoni siku nyingi. Mshipi mmoja, ndoana mbili, chubwi (kile kizito cha kuzamisha mshipi) chini. Ndoana ya juu mnofu wa kibua wa chumvi, ya chini dagaa mbichi. Mwamba huu una visamaki vidogo vingi vinavyodonoa, unasikia kwenye kidole tik tik tik toka chubwi inapogusa chini. Mara ya kwanza nimevuta baada ya dakika tano: ya dagaa imebaki kichwa na uzi, mnofu wa chumvi uko vilevile, umedonolewa pembeni tu kama kitambaa kilicholiwa na panya. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu dagaa akamezwa na changu mkubwa. Mara ya nne dagaa amesafishwa tena, na mnofu uleule, sijaubadilisha toka asubuhi, ukachukuliwa na chewa wa kilo tatu hivi.

Ninachokiona ni kwamba dagaa mbichi anaita haraka, harufu yake na mafuta yake yanasambaa, ila hakai. Wa chumvi haiti kwa sauti kubwa lakini anakaa mpaka mwenyewe afike. Panapokuwa na wadonoaji wengi mimi sasa natia wa chumvi bila kusita. Na kabla ya kuutia ndoana nauloweka kwenye maji ya bahari dakika tano hivi, unalegea kidogo na kurudisha mng'ao, ukiutia mkavu unakuwa kama kipande cha kiatu.

Nahodha jioni kaniita, akaokota dagaa mmoja kutoka kwenye mabaki, akamlaza kwenye kiganja na kumbonyeza tumboni na kidole gumba. "Tazama hapa mwanangu." Kidole kilipotoka shimo likabaki. Akachukua mwingine wa mfuko mpya, akabonyeza, tumbo likarudi juu taratibu. Akaniambia mimi sinusi, pua inakudanganya, ukishazoea harufu ya boti kila kitu kinanuka samaki, kidole hakidanganyi. Kinachooza kwanza ni tumbo, vile vitu vinavyosaga chakula tumboni mwa samaki haviachi kusaga akifa, vinaanza kumla mwenyewe kwa ndani, ndo maana dagaa anapasuka tumbo wakati mgongo bado mzima. Kwa hiyo wale wa shimo nimewakata vichwa na matumbo, nikabakiza migongo, nikatupia kwenye kontena la chumvi.

Siku ya tatu

Leo sio siku nzuri, nitaandika kama ilivyokuwa.

Boksi dogo nilikuwa nimelijaza vizuri lakini wenzangu walianza kuweka chupa zao za maji ya kunywa humo. Sikuwakataza siku ya kwanza, nilinyamaza, na hilo ni langu. Kila mtu akiwa na kiu anafungua, na kila ukifungua baridi inamwagika nje kama maji. Asubuhi nimefungua nikakuta barafu imebaki kipande cha ukubwa wa ngumi, kinaelea, na chini maji yamejaa mpaka kiganja. Kizibo cha kutolea maji kilikuwa kimefungwa toka juzi. Mifuko ya ngisi niliyokuwa nimeiweka chini kabisa kwa sababu nilimwona mvumilivu, zipu ya mmoja imefunguka, wa pili una tundu dogo sijui la ndoana, na yote miwili imejaa maji matamu.

Nilimtoa ngisi mmoja nikamweka kwenye ubao. Ngisi mzima ana ile ngozi ya madoadoa ya zambarau na chini yake nyama ya kioo kioo. Huyu ngozi ilikuwa inabanduka yenyewe kwa vipande, nyama nyeupe isiyopitisha mwanga, nene kuliko alivyokuwa, nikamkata kipande na kutia ndoana, nikatingisha mara moja, kikadondoka. Ni ngisi yuleyule wa safari iliyopita. Nikakaa kimya muda mrefu. Maana miezi yote hii nilikuwa nasema joto ndo lilituharibia, na leo nimeweka kipimo cha joto kwenye yale maji: nyuzi 3. Baridi ilikuwepo! Kilichomharibu ngisi ni kulala usiku kucha kwenye maji ya barafu yaliyoyeyuka.

Kumbe safari ile nayo barafu haikutuishia mapema kama tulivyodhani, tulikuwa tunaloweka chambo chetu wenyewe siku tatu mfululizo na kukiita kimehifadhiwa.

Nahodha anasema usimwage maji ya barafu, yanasaidia kupoza. Kwa soda au samaki mzima uliyemvua yupo sahihi, maji baridi yanamzunguka pande zote. Lakini kwa chambo mimi msimamo wangu umebadilika leo na sitarudi nyuma, kizibo wazi maji yatoke, chambo kikae juu ya kichanja sio chini, na mfuko ndani ya mfuko maana zipu zote zinavuja ukizipa muda. Kama unataka ule ubaridi wa majimaji, tengeneza uji wa barafu kwa maji ya bahari, sio matamu. Ukitia chumvi kwenye barafu ubaridi unashuka chini ya sifuri kabisa, ila ujue na hasara yake, barafu yenyewe inaisha haraka, kwa hiyo ni ya asubuhi unapotaka chambo kiwe kigumu kwa siku hiyo, sio ya kukaa nayo wiki.

Nimejaribu kuokoa. Ngisi wa mfuko ulioharibika zaidi nimekatakata wote vipande vidogo vya kumwaga majini kuita samaki, kwa hiyo kazi wanafaa sana, ule ulaini sasa unakuwa faida. Wa mfuko wa pili ambao maji yaliingia kidogo nimewasuuza kwa maji ya bahari, nikatengeneza maji ya chumvi kali kwenye ndoo: unatia chumvi unakoroga unatia unakoroga mpaka inagoma kuyeyuka na inabaki chini, ni kama gramu 360 kwa lita moja. Nimewaloweka masaa mawili wakiwa wamekatwa vipande virefu, alafu nikawatoa na kuwazika kwenye chumvi kavu. Jioni wamekaza kiasi. Sio ngisi tena kama ngisi, lakini wanashika ndoana.

Mdogo wangu kaja usiku, "kaka, samahani, ile zipu mimi ndo niliivuta nikitafuta maji." Nikamwambia hapana, kizibo nilifunga mimi, na boksi la chambo nilikubali liwe la maji mimi. Tumehamisha chupa zote kwenye ndoo. Boksi kubwa nimefungua kizibo tu, tepu sijaigusa.

Siku ya nne

Upepo umegeuka usiku, bahari imechafuka, nahodha kasema hatutoki na hakuna aliyebisha. Boksi kubwa lilikuwa lifunguliwe leo, nimeliacha na tepu yake.

Maji yalipokupwa tumechimba minyoo ya mchangani na kuokota kaa wadogo. Minyoo nimewapanga kwenye magazeti makavu kidogo, yenye unyevu tu, sio ya kulowa, pamoja na mwani, kwenye kivuli. Wale waliokatwa na jembe nimewatenga, mmoja akifa akiwa katikati ya wenzake anawaozesha wote kwa usiku mmoja, kwa hiyo asubuhi na jioni unawapitia na kutoa waliolegea. Kaa hawataki ndoo ya maji, watu wanadhani wanawahurumia kumbe wanawamaliza, kaa anahema kwa matamvua yake hata nje mradi yawe na unyevu, ukimwacha kwenye maji yaliyotuama wanamaliza hewa wanakufa. Gunia bichi, kivuli, basi.

Tulipokuwa tumekaa tu jamaa yetu akauliza kwanini tunajisumbua na nyavu alfajiri, si tununue kamba wabichi walioganda wa kula, ni wasafi, wako tayari. Nikamweleza kilichotokea Australia mwishoni mwa 2016, mashamba ya kamba kwenye mto Logan jimbo la Queensland yalipigwa na ugonjwa wa madoa meupe, kamba walikufa wengi na wengine wakaangamizwa makusudi ili usisambae. Katika njia zilizoshukiwa ni kamba wabichi waliotoka nje ya nchi kutumiwa kama chambo. Kile kirusi hakimdhuru binadamu, na kuganda hakukiui. Yani yule kamba ni salama kabisa kwenye sufuria alafu ni hatari kwenye ndoana. Toka nisome habari ile chambo changu nakitoa kwenye maji ninayovua, na kilichobaki hai sikiachii kwenye maji mengine. Jamaa alikaa kimya kidogo akasema hiyo sikuijua.

Siku ya tano

Upepo umelala. Tumeng'oa nanga kabla ya jua, bahari shwari, na nahodha katupeleka mwamba wa mbali ambao safari ile tuliufikia tukiwa hatuna kitu.

Nimekata tepu saa kumi na mbili na nusu asubuhi wote wamesimama. Mapande makubwa yamepungua karibu nusu lakini yapo. Madumu ya maji ya bahari ukiyatingisha unasikia barafu ikigonga ndani. Kizibo nilikiacha wazi toka usiku wa siku ya tatu, chini pakavu. Kipimo cha joto kwenye mifuko ya dagaa kimesoma sifuri kasoro kidogo. Nikatoa dagaa mmoja, sio mgumu tena kama kijiti lakini mgongoni bado unasikia chembe za barafu ukimpinda, mgongo wa bluu, ubavu unang'aa, nikambonyeza tumbo na kidole gumba mbele ya nahodha. Likarudi juu. Mzee akacheka akanipiga begani, hakusema neno.

Tumeanza kwa kumwaga wale ngisi walioharibika, wachache wachache upande mkondo unakotoka ili washuke kupita chini ya boti. Baada ya robo saa hivi mishipi imeanza kuhema. Dagaa wa asubuhi wametoa changu, sijui kumi na mbili kumi na tatu, na chewa wawili. Wadonoaji walipozidi nikahamia kwenye vibua vya chumvi, na mdogo wangu akaomba ajaribu wale vipande vya ngisi tulivyookoa. Nikamfungia viwili kwenye ndoana moja na uzi wa mpira. Kolekole aliyemchukua alimzungusha boti nzima, kutoka tezi mpaka omo na kurudi, karibu nusu saa, na alipopanda juu kile kipande cha ngisi kilikuwa bado kimefungwa kwenye ndoana, kimechakaa, uzi umekishika. Dogo amekitoa mwenyewe akakirudisha majini kwenye ndoana ileile.

Tumerudi na mifuko miwili ya dagaa ambayo haikufunguliwa. Sitaigandisha tena, dagaa aliyeyeyuka akigandishwa mara ya pili anakuwa uji, kwa hiyo jioni hii kabla hata sijaoga nimewakata vichwa, nimewatoa matumbo, na kuwapanga kwenye chumvi mpya, ile ya zamani nimeitupa maana imeshalowa na ina damu. Vibua vilivyobaki nimevikung'uta, nimevipanga kwenye mtungi mkavu na chumvi katikati, nikaandika tarehe ya leo kwenye kifuniko. Maboksi yote mawili nimeyaosha, yako nje yanakauka, vizibo wazi.